Msimamizi wa mirathi analipwa? Jinsi ya kudai chako bila ukoo kugawanyika (nilivyofanya mimi, Mwanza)

Baba alipofariki mimi ndo nilichaguliwa kusimamia mirathi, siyo kaka mkubwa, siyo baba mdogo, mimi wa pili kuzaliwa tena mwanamke, na sababu waliyoitoa kwenye kikao ni kwamba nipo Mwanza na biashara yangu "inaniruhusu". Biashara yenyewe nauza dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba. Yeyote anayejua Mwaloni anajua hiyo biashara haimruhusu mtu kitu chochote, usipofika alfajiri wateja wa Congo na wa Dar wameshachukua kwa mwingine. Lakini nilikubali, msibani mtu hawezi kukataa, unaona aibu.

Miezi 14 baadae kazi imeisha, nyumba ya Igoma imeshughulikiwa, fremu za Buzuruga, mtumbwi wa Sengerema, ng'ombe wa Misungwi, hela ya benki, nikaandika kwenye grupu la familia la wasapu kwamba jamani na mimi kuna hela yangu nilitumia na kuna siku zangu zilipotea. Weee! Kaka akatuma voisi ya dakika nne. Shangazi akasema mtoto hadai hela kwa baba yake. Binamu aliyeko Marekani naye akaja na lake, eti huko msimamizi anakatiwa asilimia, nichukue asilimia 10 nisibabaishwe na mtu. Wote watatu walikuwa wamekosea, na mimi nilikuwa nimekosea kuliko wao, kwa sababu hilo jambo nilitakiwa kulisema siku ya kwanza siyo ya mwisho.

Kwa hiyo naandika hapa hatua kwa hatua kwa ambaye ndo kwanza kachaguliwa, au ambaye yuko katikati na anaanza kuchoka. Mimi siyo wakili. Ni mtu aliyesota kwenye benchi la mahakama ya mwanzo mpaka karani akanizoea.

Kwanza kabisa: tenganisha mafungu matatu kichwani

Ugomvi karibu wote unaanzia hapa, watu wanachanganya vitu vitatu tofauti na kuviita "hela ya msimamizi".

Fungu la kwanza ni gharama. Nauli, kopi, mihuri, ada za mahakama, mlinzi wa nyumba, bati lililong'oka ukaliweka jipya ili mvua isiharibu dari. Hii siyo malipo, ni hela yako imetoka mfukoni kwa ajili ya mali ya marehemu, na inarudi. Sheria yenyewe inamtaka msimamizi akusanye mali, akusanye madeni ambayo marehemu alikuwa anadai, alipe madeni ya marehemu na gharama za usimamizi, halafu baada ya hapo ndo agawe kwa warithi. Angalia huo mpangilio vizuri: gharama zinatoka kabla ya mgao. Hakuna mtu anayekufadhili hapo.

Fungu la pili ni malipo ya muda na jasho, wengine wanaita posho, wengine asante, wengine fidia. Hapa Tanzania hakuna asilimia iliyopangwa ambayo msimamizi wa familia anajikatia mwenyewe kwa sababu tu ni msimamizi. Hii inapatikana kwa njia tatu: wosia uliitaja, au warithi walikubaliana, au mahakama iliridhia. Nje ya hapo ukichukua unakuwa umejilipa, na kujilipa ndo kunakopeleka watu kubaya.

Fungu la tatu ni urithi wako. Kama wewe ni mtoto wa marehemu una fungu lako la mtoto, liko pale pale, haliongezeki kwa sababu ulikuwa msimamizi na halipungui kwa sababu uliomba posho. Usimamizi haukufanyi mwenye mali. Ile fomu ya uteuzi ina jina lako, na nyumba inaweza ikapita kwa jina lako pale ardhi kama msimamizi kabla ya kwenda kwa warithi, lakini ni kama kondakta kushika nauli za abiria, gari siyo lake.

Nikija kwa huyu binamu wa Marekani. Hajatunga, kwao ipo kweli, ila ni ya kwao. Jimbo la California sheria inataja kabisa asilimia 4 ya dola 100,000 za kwanza, asilimia 3 ya 100,000 zinazofuata, asilimia 2 ya 800,000 zinazofuata, inashuka hivyo hivyo. New York wao wanaanza na asilimia 5 kwa 100,000 za kwanza. Uingereza ukivuka tu bahari mambo yanageuka, ndugu aliyetajwa kwenye wosia anarudishiwa gharama zake ila malipo ya kazi hapati mpaka wosia uwe umesema. Kwa hiyo ndugu wa ughaibuni akikutumia skrinishoti ya asilimia mwambie asante, halafu endelea na mambo ya Igoma. Na hata kwenye hayo majimbo mawili ya Marekani 10 hakuna, hiyo aliiongeza yeye.

Pili: tafuta wosia, uusome mpaka mwisho

Kama kuna wosia angalia kama marehemu alimwandikia msimamizi kitu. Wazee wengine wanaandika "atakayesimamia apewe ng'ombe wawili" na hapo mjadala umekwisha. Wengine wanaweka wosia RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), wengine kanisani, wengine kwa wakili, wengine chini ya godoro. Ulizia kote kabla hujasema hakuna. Sisi hatukukuta kitu, baba alikuwa mtu wa "mtajuana".

Kwa familia za Kiislamu mpangilio unajulikana, mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi, ndo warithi. Na kwenye kula mali unayoisimamia ipo ile aya ya 6 ya Surat An-Nisaa inayohusu walezi wa mayatima, kwamba mwenye uwezo ajizuie na fukara ale kwa kiasi kinachokubalika. Jirani yangu mmoja pale Kirumba alitumia hiyo hiyo kumaliza mjadala wa kwao, alisema mimi nina duka, sichukui, nirudishieni nauli tu. Mimi sina duka, nina turubai la kuanikia dagaa.

Tatu: kikao cha ukoo, hapa ndo pa kusema

Utahitaji muhtasari wa kikao unaokupendekeza wewe, ndo unaoenda nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Sasa watu wanaandika mstari mmoja, "wanafamilia wamempendekeza fulani kuwa msimamizi", wanasaini, wanakula, wanatawanyika. Usikubali muhtasari wa mstari mmoja.

Kabla hujasema "nimekubali" omba viandikwe vitu hivi, na ongea kwa heshima zote, anza na shikamoo zako, msifie marehemu, halafu sema:

"Baba mdogo, shangazi, kaka, nashukuru kwa kuniamini. Kazi hii ina nauli na ina siku. Naomba tuandike kwamba gharama zenye risiti zitarudishwa kutoka kwenye mirathi kabla ya mgao, na kuhusu siku zangu tuandike kama nitapewa posho au hapana, na kama ndiyo basi ni kiasi gani au tutakipangaje."

Basi. Ni dakika mbili za aibu. Mimi nilizikwepa hizo dakika mbili nikalipia kwa miezi miwili ya kutosalimiana na kaka. Na wakisema hapana, hakuna posho, bado umeshinda maana unajua mapema na unaweza kusema basi mwingine ashike. Utashangaa jinsi watu wanavyopata ghafla uelewa kuhusu posho wakiambiwa washike wao.

Waliopo wote wasaini, wasiokuwepo wapigiwe simu na iandikwe kwamba walipigiwa, na muhtasari upite kwa mwenyekiti wa mtaa. Kingine, kama mjane yupo, asikilizwe kwanza, siyo mwisho. Mama yetu ndo aliyekuja kuniokoa mwishoni na nilikuwa hata sijamuuliza mwanzoni.

Jambo la rambirambi. Huku kwetu michango ya msiba inakuwa mikubwa, daftari linajaa, kama mazishi yalilipwa na michango hakuna mtu wa kuja kudai tena gharama za mazishi kwenye mirathi. Ila kama kuna mtu alitoa mfukoni kwake kweli, labda gari la kusafirisha mwili kutoka hospitali ya Bugando, hiyo ni gharama halali na inatoka mwanzo kabisa. Daftari la msiba litunze, usimwachie mweka hazina wa msiba akaondoka nalo.

Nne: mahakamani, uliza mapema

Mirathi inayofuata mila au Uislamu inaweza kufunguliwa mahakama ya mwanzo, na wengi wetu huku ndo tunapoangukia. Kama mirathi haifuati mila wala dini ya Kiislamu inaenda ngazi za juu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na muda unabadilika: kule orodha ya mali inapelekwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama ya mwanzo wao ni miezi 4 tangu uteuliwe, unapeleka Fomu namba V inayoonyesha mali zote na madeni yote, halafu hesabu zinaenda kwenye Fomu namba VI, kila hela iliyoingia, kila iliyotoka, kila kilichouzwa au kuhamishwa. Ukiona miezi 4 haitoshi omba kuongezewa kabla haijaisha, mimi niliongezewa, siyo dhambi, dhambi ni kukaa kimya.

Na kitu ambacho watu hawajui, hakimu wa mahakama ya mwanzo ana mamlaka ya kuamua maswali yanayohusu gharama za usimamizi. Imeandikwa kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Maana yake nini? Maana yake mkigombana kama nauli ya kwenda Sengerema mara sita ni halali au umetembelea shangazi, hamna haja ya kuvunjiana heshima kwenye grupu, unaandika barua kwa hakimu, anawaita, anaamua.

Mimi siku napewa fomu ya uteuzi nilimuuliza hakimu hapo hapo, mheshimiwa nikitumia hela yangu inakuwaje. Akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo, leta risiti, bila risiti mimi sikujui.

Tano: daftari. Hili ndo kazi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo maana ndo niliharibu.

Miezi mitatu ya kwanza sikuandika kitu. Nilikuwa nalipa boda, nalipa basi, natuma hela kwa kijana anayelala nyumba ya Igoma, nanunua vocha, naona ni vidogo vidogo. Nilivyokuja kujumlisha kwa kukumbuka nikapata kama laki 2 na nusu, na sikuwa na karatasi hata moja. Hiyo hela nimeisamehe. Sikuidai, na sikuidai kwa sababu ningeweka kitu kimoja kisicho na ushahidi kwenye hesabu, vile vyenye ushahidi navyo vingeonekana vya kupika.

Mwezi wa nne nikanunua kaunta buku. Nikachora safu tano: tarehe, nimeenda wapi, kufanya nini, nimetumia ngapi, ushahidi uko wapi. Kila karatasi nikaipa namba kwa kalamu nyekundu na kuigundisha kwenye daftari lingine. Kwa vile vitu ambavyo havina risiti, kama boda na mtumbwi wa kuvuka, niliandika namba ya mtu na nikawa nalipa kwa simu ili ile msg ya muamala ibaki. Msg za miamala usizifute, na ukibadilisha simu zipige picha kwanza.

Wakati ule kwenda Sengerema ilikuwa lazima usubiri kivuko cha Kigongo–Busisi, siku nyingine unakaa kwenye foleni mpaka unajua majina ya wauza mahindi, kwa hiyo safari moja ilikuwa inakula siku nzima. Siku hizi daraja limefunguliwa, tangu 2025, unapita kama upepo. Nasema hivi kwa sababu kama unasimamia sasa usije ukaandika siku mbili za Sengerema, watu wanajua daraja lipo. Wa Ukerewe hilo haliwahusu, nyie ni meli ya Nansio au mzunguke Bunda mpaka Kisorya mkapande kivuko, siku mbili zenu ni halali kabisa.

Pia weka safu ya siku. Siyo hela, siku. "Tarehe fulani, nimeshinda benki, sikwenda Mwaloni." Hiyo safu ndo itakusaidia kwenye posho.

Hela ya mirathi isikae na hela yako. Usiweke kwenye simu yako unayonunulia dagaa, utajisahau. Kuna mahali mahakama inaelekeza hela ya benki ya marehemu ipitie kwenye akaunti ya mahakama, fuata hivyo. Ile ya kodi za fremu nilifungua akaunti pembeni, nikawa natuma taarifa ya benki kwenye grupu kila mwisho wa mwezi, hata asiyeisoma anajua ipo.

Kingine cha kutenganisha ni mtu anayefanya kazi kwenye mali. Mtumbwi wa baba ulikuwa na ingini na nyavu za dagaa, ukiulaza unaoza. Mdogo wangu aliendelea kuuendesha, wanaingia ziwani siku za giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika wanashona nyavu. Yeye alipata mgao wake kama mvuvi mwingine yeyote, kama ambavyo baba alikuwa anawalipa, na fungu la chombo likaingia kwenye mirathi. Huyo hajalipwa usimamizi, amelipwa kuvua. Ukivichanganya kwenye hesabu kaka yako atasema mirathi inalipa watu wawili.

Sita: posho unaikadiriaje

Asilimia sikushauri. Ukisema asilimia, kila mtu anaanza kujumlisha nyumba na ng'ombe kichwani na kuona unachukua chumba na nusu. Pia asilimia inamfanya msimamizi atake kuuza. Nyumba ambayo warithi wangeweza kukaa au kupangisha inauzwa ili asilimia ipatikane, nimeliona hilo kwa watu.

Njia iliyonisaidia mimi ni hasara ya siku. Niliziona kwenye daftari siku 41 ambazo sikufungua biashara kabisa. Siku ya kawaida, siyo ya msimu, mimi nabaki na kama 35,000. 41 mara 35,000 ni 1,435,000. Nikaomba 1,500,000 kamili. Hela taslimu iliyokuwa imekusanywa baada ya madeni ilikuwa kama milioni 48, kwa hiyo asilimia 10 ya binamu ingekuwa milioni 4 na laki 8. Unaona tofauti. Moja nilikuwa naweza kuieleza mbele ya shangazi mstari kwa mstari, nyingine ningesema tu "Marekani wanafanya hivyo".

Gharama nazo zilikaa hivi, pembeni kabisa ya posho: nauli na vivuko 312,000, kopi na picha na ada na vyeti 96,000, mlinzi wa Igoma miezi 5 kwa 60,000 inakuja 300,000, paa 410,000, vocha na bando 70,000. Jumla 1,188,000. Hii hakuna aliyeibishia hata mmoja, isipokuwa bando, kaka alisema bando naangalia tamthilia. Nikamwambia toa hilo bando basi. Akaona aibu akaliacha.

Kama wewe umeajiriwa na ulitumia likizo yako, hesabu siku za likizo. Kama huna kazi usijione huna haki, chukua kibarua cha siku cha eneo lako kama kipimo. Kama mali ni ndogo, mathalani kiwanja kimoja Buhongwa na warithi sita, mimi ningeacha posho kabisa nichukue gharama tu, kwa sababu utakachopata hakilingani na utakachopoteza. Kama warithi wana uwezo na mali ni kubwa na imekula miaka yako, omba, usione haya.

Msimamizi mkiwa wawili mgawane kazi kwa maandishi, aliyeenda ndo aandike siku. Wakili mkimweka ni gharama ya mirathi, siyo posho yako, na warithi waambiwe bei yake kabla siyo baada.

Saba: kuichukua

Mpangilio ni huu na usiuruke. Unaita kikao, unasoma hesabu zote, unasema posho unayoomba na umeipataje, wanaokubali wanasaini. Halafu unaiandika kwenye hesabu kama mstari wake peke yake, siyo imefichwa ndani ya "mengineyo". Halafu inaenda kwa hakimu. Akishaipitisha ndo unachukua. Kuchukua kwanza halafu kuandika baadae, hata kama ni haki yako, kunanuka.

Kuna jambo zito hapa, watoto wadogo. Kama kuna mrithi chini ya miaka 18, saini za watu wazima hazimfungi yeye. Posho inapunguza na fungu lake pia, na hakuna anayeweza kumsemea "nimekubali" ili mtu mwingine alipwe. Sisi tulikuwa na mdogo wetu wa miaka 11, mtoto wa baba kwa mama mdogo, na hakimu alituuliza swali hilo hilo: huyu mtoto anachangia posho ya dada yake? Tukaona posho itoke kwenye mafungu ya wakubwa tu, mtoto asiguswe. Hakimu aliandika hivyo na nadhani ndo kitu cha haki zaidi kilichofanyika kwenye mirathi nzima.

Usijilipe kwa vitu. Yaani usiseme mtumbwi una thamani ya milioni 3 lakini mimi nitauchukua kwa moja na nusu iwe ndo posho yangu. Kama unautaka mtumbwi, uwekwe bei na mtu wa nje, warithi wote wajue, hakimu ajue, ununue kama mtu mwingine. Msimamizi kujiuzia mali ya marehemu kimya kimya, hata kwa bei nzuri, ni kutafuta kesi.

Na madeni kwanza jamani. Vikoba, saccos, benki. Kwa mkopo wa benki uliza kama ulikuwa na bima, mingi inakuwa nayo na mkopaji akifariki bima inalipa, sisi tulikaribia kulipa deni ambalo halikuwepo tena. Posho haitoki wakati mdai yupo mlangoni.

Nane: mambo yakigoma

Wakikataa posho kikaoni una njia mbili. Kupeleka ombi lako kwa hakimu na daftari lako, au kuacha. Gharama usiache, hizo ni zako. Kwangu mimi kaka aligoma mpaka mama akasema kwenye kikao, kwa Kisukuma chake taratibu, kwamba kama huyu asingekwenda angekwenda nani, wewe? Kaka hakujibu. Akasaini laki 9 badala ya milioni moja na nusu. Nikazichukua. Sikuenda kwa hakimu kugombania hiyo laki 6, ila daftari nilikuwa nalo mkononi na yeye alijua, nadhani ndo maana hata hizo 9 zilipatikana.

Kama wewe ndo mrithi na unamuona msimamizi anajikatia, usianze na polisi. Nenda mahakama iliyomteua, omba kuona Fomu V na VI, kama hajapeleka sema hajapeleka, kama amepeleka na kuna mstari huuelewi andika pingamizi. Mahakama inaweza kumtaka atoe maelezo na ikiwa kuna sababu ya kutosha inaweza kumuondoa na kuteua mwingine. Na kama ukoo hamuaminiani kabisa, kila jina linalotajwa linapingwa, kuna Kabidhi Wasii Mkuu pale RITA, ofisa wa serikali, anaweza kusimamia yeye, ila ofisi ile nayo ina ada zake zinazotoka kwenye mirathi hiyo hiyo. Watu wengi wakisikia hivyo ghafla dada yao anakuwa mwaminifu tena.

Mwisho ukishagawa, funga. Peleka hesabu za mwisho, omba shauri lifungwe, chukua nakala yenye muhuri. Mimi nakala yangu ipo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na yale madaftari mawili, juu ya kabati. Mwaka jana baba mdogo alikuja kuuliza ng'ombe wa Misungwi walikuwa wangapi hasa. Nikashusha mfuko, ukurasa wa 23, walikuwa 14, mmoja alikufa mwezi wa pili, cheti cha bwana mifugo namba 37. Akanywa chai akaondoka.